Anwani za Intaneti kwa Jina Lako: Mwongozo Kamili kwa Watoa Huduma Wadogo wa Nairobi

Mwongozo huu umeandikiwa wale wanaouza intaneti mitaani: kampuni ya watu watano au kumi inayovuta faiba kutoka nguzo hadi nguzo huko Pipeline, Kayole, Zimmerman, Githurai au Rongai, ikinunua intaneti ya jumla kwa kampuni kubwa na kuigawa kwa mamia au maelfu ya nyumba. Wengi wao wana leseni, wana mafundi wanaoijua kazi na wateja wanaolipa kwa M-Pesa kila mwezi, lakini anwani za IPv4 wanazotumia, yaani nambari zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, si zao. Walizipata pamoja na laini ya jumla, na siku watakapotaka kuhamia kwa muuzaji mwingine mwenye bei nafuu au huduma bora, anwani hizo zitabaki nyuma, na kila kamera ya ulinzi, seva ya ofisi au mfumo wa malipo wa mteja uliosajiliwa kwa anwani hizo utalazimika kupangwa upya. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mtoa huduma mdogo wa Nairobi anahitaji anwani chache kuliko anavyodhani, na hizo chache anapaswa kuziomba kwa AFRINIC, msajili wa anwani wa Afrika, kwa jina la kampuni yake, kabla ya kuzungumza na dalali yeyote.

Uhaba ulivyotokea

Anwani ya IPv4 ina urefu wa biti 32, kwa hiyo anwani zote zinazoweza kuwepo ni 4,294,967,296. Itifaki hiyo ilichapishwa Septemba 1981, mtandao ulipokuwa bado wa vyuo vikuu, maabara na taasisi za kijeshi, na katika miaka ile ya mwanzo baadhi ya mashirika ya Marekani yalipewa vitalu vya anwani zaidi ya milioni 16 kila kimoja. Tarehe 3 Februari 2011 akiba kuu ya dunia iligawanywa kwa mara ya mwisho: wasajili watano wa kanda walipewa kitalu kimoja kimoja cha ukubwa huo, na cha Afrika kikawa kile kinachoanza na 102. Asia na Pasifiki walifikia kitalu chao cha mwisho Aprili mwaka huohuo, Ulaya ikafuata Septemba 2012, na Amerika Kaskazini ikamaliza akiba yake Septemba 2015.

Msajili wa kanda yetu ni AFRINIC, yenye makao yake Ebène nchini Morisi na iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Kwa kuwa Afrika ilianza kuomba anwani kwa wingi baadaye kuliko mabara mengine, akiba yake ilidumu zaidi, na sera iliyowekwa ya kuitumia kwa uangalifu iliingia awamu yake ya kwanza mwaka 2017 na ya pili Januari 2020. Katika awamu hiyo ya pili, ombi moja haliwezi kupata chini ya kitalu cha /24, yaani anwani 256, wala zaidi ya /22, yaani anwani 1,024. Kwa kampuni kubwa za simu kiwango hicho ni kidogo mno. Kwa wewe unayehudumia mitaa mitatu ya Embakasi kinatosha, kama hesabu ya hatua ya kwanza itakavyoonyesha.

Nani hasa mwenye anwani

Kabla ya hatua zenyewe ni lazima jambo hili lieleweke, kwa sababu makosa mengi ya gharama kubwa hutokana nalo. Mkataba wa huduma ya usajili ambao kila mwanachama hutia saini na AFRINIC unasema kwamba nambari hizi si mali. Unachopata ni haki ya kuandikwa katika sajili kuwa ndiwe mtumiaji wa kitalu fulani, kwa masharti ya kulipa ada, kutumia anwani kwa haja uliyoieleza, na kutunza taarifa zako zikiwa sahihi. Hata hivyo, anwani zina bei sokoni, zinauzwa, zinakodishwa, na zinaweza kuhesabiwa katika thamani ya kampuni. Hali hizi mbili zinaishi pamoja bila kupatana, na ndizo zilizoifikisha AFRINIC mahakamani.

Mwaka 2019 uchunguzi ulifichua kwamba kumbukumbu za sajili zilikuwa zimechezewa, na ripoti iliyotolewa na AFRINIC yenyewe Januari 2021 ilieleza kuwa anwani takriban milioni 4 zilihusika: nyingine zilichukuliwa katika akiba ya pamoja, nyingine zilikuwa za mashirika ya zamani ambayo hayakuwa yakifuatilia kumbukumbu zao. Fikiria maana ya sehemu hiyo ya pili. Shirika lilipewa anwani miaka ya tisini, likabadilisha jina au likafungwa, barua pepe ya mhusika ikafa, na hakuna aliyegundua jina lilipobadilishwa. Mwaka 2021 mgogoro mwingine ukaanza kati ya AFRINIC na kampuni ya Cloud Innovation, inayoshikilia anwani zaidi ya milioni 6, kuhusu kama zilikuwa zikitumika kulingana na mkataba. Julai mwaka huo mahakama ya Morisi iliamuru akaunti za AFRINIC zizuiwe kwa kiasi cha hadi dola milioni 50. Tangu 2022 bodi ilikosa akidi, Septemba 2023 mahakama ikateua msimamizi wa kuiendesha taasisi, na bodi mpya ilipatikana kwa uchaguzi wa Septemba 2025.

Nayataja haya kwa sababu mtoa huduma mdogo ndiye aliyeumia kimyakimya. Ombi lake lilisubiri wakati makampuni yenye mawakili yakipigania mamilioni ya anwani. Yeyote anayesema kwamba kesi za Morisi haziwahusu watu wa Githurai hajawahi kusubiri /24 moja ya kuanzia kazi.

Hatua ya kwanza: hesabu mahitaji yako kwa ukweli

Chukua daftari na ugawe wateja wako katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale wanaohitaji anwani ya umma ya peke yao: ofisi zenye seva, maduka yenye kamera zinazotazamwa kutoka nje bila kupitia huduma ya mtengenezaji, shule zenye mifumo yao, na wafanyabiashara ambao mfumo wa malipo au benki huwaruhusu kuingia kutoka anwani iliyosajiliwa tu. Kundi la pili ni nyumba za kawaida, ambazo zinaweza kushiriki anwani moja kupitia tafsiri ya anwani inayofanywa kwenye mtandao wako, inayojulikana kwa mafundi kama CGNAT.

Kila anwani ya umma ina poti 65,536, yaani nambari zinazotenganisha miunganisho inayotumia anwani moja. Ukiacha 1,024 za kwanza zinabaki 64,512, ambazo ukizigawa kwa mafungu ya poti 1,008 unapata nyumba 64 kwa kila anwani. Nyumba yenye simu nne, runinga na kompyuta inaweza kulemewa na fungu hilo wakati wa jioni, kwa hiyo mimi hupendelea kuanza na mafungu ya 2,016, yaani nyumba 32 kwa anwani. Tuseme una nyumba 2,000: utahitaji anwani 63. Ongeza wateja 40 wa biashara wenye anwani zao, kisha anwani 16 za ruta, seva za majina na mifumo ya ufuatiliaji, na jumla inakuwa 119. Hiyo ni chini ya nusu ya /24 moja. Hata wateja wa nyumbani wakifika 4,000 na wa biashara 80, utakuwa unatumia anwani 221 na bado kitalu hakijajaa.

Fanya hesabu hii kwa takwimu za kweli kutoka kwenye mfumo wako wa malipo, si kwa idadi ya wateja unaotamani. Utaihitaji tena utakapojaza maombi, na wakaguzi wa maombi huuliza namna ulivyofikia kila tarakimu.

Hatua ya pili: tafuta katika sajili kabla ya kusaini chochote

Mtu anayenunua shamba Kitengela hufanya upekuzi wa hati miliki ardhi kwanza, hata kama muuzaji ni jamaa yake. Anwani nazo zina upekuzi wake, tena ni bure na hauhitaji kwenda ofisi yoyote. Ingia katika whois ya AFRINIC, yaani huduma ya kutafuta kumbukumbu za sajili, andika anwani unayotumia sasa, na usome kwa makini mistari minne.

Mstari wa kwanza unaonyesha mwanzo na mwisho wa kitalu. Wa pili unataja shirika lililosajiliwa. Wa tatu unaeleza hali ya kitalu, na huu ndio mstari muhimu kuliko yote. Ukiona ALLOCATED PA, kitalu kimetolewa kwa mtoa huduma ili akigawe kwa wateja wake. Ukiona ASSIGNED PA, ni sehemu ya kitalu hicho iliyogawiwa mteja, na mteja huyo akiondoka, sehemu hiyo inarudi kwa aliyemgawia. Ukiona ASSIGNED PI, kitalu kimesajiliwa moja kwa moja kwa mtumiaji wake na hakitegemei mtoa huduma yeyote. Mstari wa nne unataja nani ana mamlaka ya kubadilisha kumbukumbu hiyo.

Watoa huduma wengi wa mitaani watakuta jina la kampuni inayowauzia intaneti ya jumla. Hilo si kosa la mtu, lakini ni lazima ujue. Soma basi mkataba wako na kampuni hiyo: unasema nini kuhusu anwani baada ya mkataba kwisha, na unapewa siku ngapi za kuhama? Mikataba mingi iko kimya kabisa, na ukimya huo hautakusaidia wewe.

Hatua ya tatu: andaa maombi kwa jina la kampuni

Hapa uvumilivu unahitajika. Andaa cheti cha usajili wa kampuni na taarifa rasmi ya wakurugenzi kutoka kwa Msajili wa Makampuni, leseni yako kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na vielelezo vya kwamba mtandao upo kweli: ankara za vifaa, mkataba wa intaneti ya jumla, na mchoro wa mtandao wenye vituo vyako vyote. Jina la kampuni liwe lilelile, herufi kwa herufi, katika kila karatasi. Kampuni iliyosajiliwa kwa jina moja na kupewa leseni kwa jina la biashara tofauti itarudishwa nyuma ili ieleze uhusiano wa majina hayo, na wiki zitapita.

Omba vitu vitatu kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni kitalu cha IPv4 kinacholingana na hesabu yako. Cha pili ni kitalu cha IPv6, itifaki mpya yenye anwani nyingi mno kuliko IPv4, ambacho kwa mtoa huduma huanzia /32. Cha tatu ni nambari ya mtandao unaojitegemea, ambayo mafundi huiita ASN, kwa sababu bila nambari hiyo huwezi kutangaza anwani zako mwenyewe wala kuunganishwa na wauzaji wawili kwa wakati mmoja. Nambari hiyo hutolewa kwa mtandao wenye sera yake ya njia, kwa mfano ulio na wauzaji wawili, au ulio na muuzaji mmoja na kiungo cha KIXP, kituo cha Nairobi cha kubadilishana trafiki.

Katika mpango wa matumizi, eleza kila kijisehemu cha kitalu kitakwenda wapi. Sera ya awamu hii inatazama mahitaji ya miezi 8 ijayo, na mwanachama anayerudi kuomba zaidi lazima aonyeshe kuwa ametumia angalau asilimia 90 ya alichopewa awali. Usiombe /22 kwa kuwa inaruhusiwa, ikiwa hesabu yako inakupa /24. Ombi lililopanuliwa bila sababu huzua maswali, na kwa maoni yangu ni kumnyima jirani yako katika akiba ambayo sote tunaitegemea.

Jambo dogo ambalo limewaumiza wengi ni barua pepe. Akaunti ya usajili isifunguliwe kwa anwani binafsi ya fundi. Tumia anwani ya kazi iliyo chini ya jina la kikoa la kampuni, ambayo wakurugenzi wawili wanaweza kuifikia, na jina hilo la kikoa lenyewe lilipiwe miaka kadhaa mbele. Fundi akipata ajira Dubai na kuondoka na nywila, kampuni itakuwa na haki ya anwani ambazo haiwezi kuzigusa, na kuthibitisha upya kwamba ndiyo wewe ni kazi ya kuchosha.

Hatua ya nne: tangaza kitalu na ukilinde

Kitalu kilichoidhinishwa hakifanyi kazi mpaka kitangazwe kwa dunia kupitia BGP, itifaki ambayo mitandao hutumia kuambiana njia. Kwa desturi ya waendeshaji wote, tangazo la IPv4 lililo dogo kuliko /24 halipokelewi, na kwa IPv6 mpaka ni /48. Ndiyo maana /24 ndiyo kipimo cha chini cha kujitegemea.

BGP kwa asili yake huamini linaloambiwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuzuia YouTube ndani ya nchi hiyo, ikatangaza kitalu cha /24 kilichokuwa ndani ya /22 ya YouTube, na kwa kuwa ruta hufuata njia iliyo mahususi zaidi, trafiki ya sehemu kubwa ya dunia ikaelekea Pakistan na kupotea kwa karibu saa mbili. Kinga ya leo ni mfumo wa RPKI, ambamo unatia saini ya kidijitali inayosema ni nambari gani ya mtandao inayoruhusiwa kutangaza kitalu chako. Saini hiyo huitwa ROA, na unaitengeneza katika ukurasa wa wanachama wa AFRINIC bila malipo ya ziada.

Fuata mpangilio huu, usiugeuze. Tengeneza ROA kwanza, ukitaja kitalu, nambari ya mtandao wako, na urefu wa juu ulio sawa kabisa na kile unachotangaza. Ukiruhusu urefu mkubwa kuliko unaotumia, unamwachia mhalifu nafasi ya kutangaza kipande kidogo akijifanya wewe. Kisha andika kumbukumbu ya njia katika sajili ya njia ya AFRINIC, kwa kuwa wauzaji wengi wa intaneti ya jumla hujenga vichujio vyao kutokana nayo. Baada ya hapo wape wauzaji wako barua ya idhini yenye saini ya mkurugenzi, subiri wafungue vichujio, ndipo utangaze. Hakikisha matokeo kwa kutazama njia yako kutoka nje ya nchi, kupitia ruta za umma ambazo vyuo na kampuni mbalimbali huziacha wazi kwa ukaguzi. Usisahau kuelekeza majina ya kinyume ya kitalu, yaani yale yanayotoka kwenye anwani kwenda kwenye jina, kwa seva zako, la sivyo barua pepe za wateja wako wa biashara zitakataliwa.

Ukiwa na anwani na nambari yako, mlango wa KIXP unafunguka. Kituo hicho cha kubadilishana trafiki kilianzishwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa upesi kwa amri ya mdhibiti wa wakati huo baada ya malalamiko ya Telkom Kenya, kikarudi kazini mwaka 2002, na kinasimamiwa na TESPOK, chama cha watoa huduma za teknolojia. Trafiki kati ya mteja wako wa Kasarani na benki iliyo Upper Hill haina sababu ya kupita nje ya jiji, na trafiki unayoibadilisha kituoni huilipii kwa muuzaji wa jumla.

Hatua ya tano: shirikisha anwani bila kupoteza ushahidi

Kwa nyumba zinazoshiriki anwani, tumia ndani ya mtandao wako kitalu cha 100.64.0.0/10, kilichotengwa Aprili 2012 kwa kazi hiyo mahususi na chenye anwani 4,194,304. Wengi hutumia 10.0.0.0/8 au 192.168.0.0/16 kwa mazoea, lakini vitalu hivyo ni vya matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, na ruta ya mteja inapokuwa na anwani zinazofanana na zako pande zote mbili, matatizo yanayotokea ni magumu kuyatambua.

Sasa tuzungumzie jambo ambalo watoa huduma wa mitaani hulipuuza hadi polisi wanapobisha. Mpelelezi akija na amri ya mahakama yenye anwani na saa ya tukio, na anwani hiyo inashirikiwa na nyumba 32, huna jibu la kumpa isipokuwa pia ana nambari ya poti. Bila poti, ama unasema hujui, ama unawaweka watu 32 chini ya tuhuma ya mmoja. Kwa hiyo gawa poti kwa mafungu yasiyobadilika ovyo, ambapo nyumba hupewa fungu lake lote inapounganishwa. Kumbukumbu itakuwa mstari mmoja kwa kila fungu badala ya mstari kwa kila ukurasa uliofunguliwa. Diski yako haitajaa, na hutakuwa ukihifadhi historia ya tovuti wanazotembelea wateja, jambo ambalo hulihitaji wala hupaswi kulitaka. Andika saa kwa UTC, saa ya kimataifa, na ueleze katika jibu lako kwamba Kenya iko saa tatu mbele, kwa maana tofauti hiyo peke yake inatosha kumtaja asiyehusika. Saa za ruta zote zilinganishwe kwa seva ya muda.

Kumbukumbu hizo ni data binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Ziwekwe mahali penye ufunguo, zisomwe na watu waliotajwa kwa maandishi, ziwe na muda maalumu wa kufutwa, na zitolewe kwa amri halali tu. Fundi asizionyeshe kwa mwenye nyumba, mume, mke au mwajiri wa mteja, hata akiombwa kwa upole.

Hatua ya sita: ukilazimika kununua au kukodi

Wapo watakaohitaji zaidi ya wanachopata kwa msajili, au watakaoshindwa kusubiri. Ni vyema basi kuijua bei ya kitu kabla ya kukaa na dalali. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 za kampuni ya Nortel iliyokuwa imefilisika kwa dola milioni 7.5, yaani dola 11.25 kwa anwani. Mwaka 2019 Amazon ilinunua anwani 4,194,304 kutoka kwa taasisi ya waendesha redio wa ridhaa kwa takriban dola milioni 108, karibu dola 26 kwa moja. Tangu 1 Februari 2024 Amazon hutoza wateja wa huduma zake za wingu nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4, ambayo kwa mwaka ni dola 43.80.

Kununua kwa haki ni kuhamisha usajili. Sera ya AFRINIC inaruhusu uhamisho kati ya mashirika ya kanda yake. Mpokeaji lazima athibitishe haja yake, kitalu kisiwe chini ya mgogoro, na aliyekitoa hawezi kuomba kingine kwa miezi 12. Anayekuuzia kitalu cha kanda nyingine akikuahidi kitaandikwa AFRINIC anakuahidi kitu ambacho hakina njia. Malipo yakae kwa wakili au mdhamini wa pande zote mpaka jina lako lionekane katika whois, kwa kuwa risiti na barua ya muuzaji pekee hazibadilishi sajili.

Kukodi ni rahisi zaidi kuanza na ni hatari zaidi kuendelea nako. Anayekukodisha anabaki kwenye sajili, naye akiacha kulipa ada yake au akiingia kesini, wewe na wateja wako ndio mtakaokatika. Ukiamua kukodi, hakikisha kwanza kwamba anayekodisha ndiye aliyeandikwa, au ana idhini yake kwa maandishi. Tazama historia ya matangazo ya kitalu: kama kimepita mikononi mwa mitandao mingi ndani ya muda mfupi, kiache. Kipime katika orodha za Spamhaus na nyingine za anwani zilizozuiwa, kwa sababu kitalu kilichotumika kutuma barua taka kitakuletea malalamiko ya wateja kutoka siku ya kwanza. Mkataba utaje nani atatengeneza ROA na ndani ya siku ngapi, nani anasimamia majina ya kinyume, na notisi ya kusitisha isipungue miezi sita. Rekebisha pia taarifa za mahali: kitalu kilichokuwa Ulaya kitafanya huduma za filamu na benki zimwone mteja wa mtaa wa Umoja kama yuko ughaibuni, na njia ya kulirekebisha ni kuchapisha faili ya maeneo yako na kuiunganisha na kumbukumbu ya kitalu.

Hatua ya saba: washa IPv6 sasa

Ulipewa /32 katika hatua ya tatu, usiiache kabatini. Ndani yake mna vitalu 65,536 vya /48, au zaidi ya milioni 16 vya /56, na /56 moja humpa mteja wa nyumbani mitandao 256 ya ndani. Mpe kila nyumba /56 na kila biashara /48, bila ubahili, kwa kuwa tabia ya kubana anwani tuliyojifunza kwa IPv4 haina kazi hapa.

Faida yake huonekana kwenye CGNAT. Google, YouTube, Facebook na Netflix zote hupatikana kwa IPv6, kwa hiyo sehemu nzuri ya trafiki ya jioni huacha kabisa kupita kwenye tafsiri, poti huachwa huru, na kifaa chako cha CGNAT hudumu miaka zaidi kabla ya kuhitaji kikubwa zaidi. Anza na ruta zako za ndani, kisha kiungo cha KIXP, kisha ofisi yako mwenyewe, halafu mtaa mmoja wenye wateja wavumilivu. Kabla ya kuagiza ruta za wateja kwa wingi kutoka maduka ya Luthuli Avenue, nunua moja na uijaribu: je, inapokea kitalu cha IPv6 kutoka kwenye mtandao na kukigawa ndani, na je, kinga yake huzuia miunganisho inayotoka nje bila kuitwa? Ile inayoshindwa mtihani wa pili usimfungie mteja, kwa maana kila kifaa cha nyumba hiyo kitakuwa wazi kwa dunia.

Hatua ya nane: tunza kumbukumbu na upige kura

Weka tarehe ya ada ya mwaka katika kalenda ya wakurugenzi, si ya fundi peke yake. Kila robo mwaka fungua whois na uhakikishe jina, sanduku la posta, simu na barua pepe bado ni sahihi, na kwamba ROA hazijapita muda wake. Kampuni ikibadilisha jina, ikiungana na nyingine au ikinunuliwa, mpe msajili taarifa na vielelezo wakati huohuo. Anwani zilizoachwa kwa jina la kampuni iliyokufa ndizo wezi walizozitafuta kwanza.

Mwanachama aliyelipa ada ana kura katika uchaguzi wa bodi, na majadiliano ya sera yako wazi kwa yeyote, hata asiye mwanachama. Kwa miaka mingi sauti za mitandao midogo ya Afrika Mashariki zimekuwa chache katika vyumba hivyo. Teua mtu mmoja katika kampuni kuwa mpiga kura wenu, andikisheni jina lake mapema kabla ya orodha kufungwa, na kama mnaamini hamwezi kuhudhuria, soma kwa makini masharti ya uwakilishi kabla ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kupiga kura kwa niaba yenu. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifutwa kufuatia mabishano kuhusu nyaraka za kumpa mtu mwingine mamlaka ya aina hiyohiyo.